Chumvi Niliacha, Munyu Sikuambiwa

Kuacha chumvi kulinigharimu kuku kumi na mmoja, debe la karanga, na msimu mzima wa kusalimiana na mama mkwe kwa mdomo wa juu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kuku kumi na wawili, ila yule mmoja alikufa mwenyewe kwa kideri, nikaona si haki kumtia kwenye hesabu ya ugonjwa wangu. Dawa hazimo humo. Dawa zilikuwa za bure, na hilo ndilo lililonisumbua tangu siku ya kwanza, maana kitu cha bure huwezi kuomba kipunguzwe.

Kazi yangu miaka ile ya Ujamaa ilikuwa kuku. Nilitoka Mwankoko na matenga matupu, nikapanda basi mpaka Kiomboi, nikaingia kwa miguu vijiji vya kuelekea Nduguti kununua kwa wenyewe, kisha nikarudi kuwauza Singida mjini. Mizani sikuwa nayo. Nilimnyanyua kuku kwa mkono wa kulia, kidole kimoja kwenye kidari, nikajua huyu amekula mtama na huyu amekunywa maji asubuhi ili aonekane mzito. Wenye kuku waliujua mkono wangu. Wengine walinificha majogoo wao waliponiona kwa mbali, wakihofia nitawaambia ukweli.

Siku ugonjwa ulipoanza nilikuwa nyuma ya soko la Kiomboi, nabishana na mzee mmoja juu ya tetea. Tulikuwa tumebakiza senti hamsini. Mara masikio yakaanza kulia kama nyenje, na yule mzee akawa wazee wawili, kila mmoja ameshika tetea wake, na wote wawili hawataki kupunguza. Nikakaa chini. Mzee akaogopa.

"Mama, basi chukua kwa bei yako!"

Nilimchukua yule tetea. Ndipo nikapelekwa hospitali, naye chini ya kwapa.

Daktari alikuwa kijana wa mikoa ya mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Akanifunga kitambaa mkononi, akabinya kile kimpira chake mara nyingi, akasikiliza, akabinya tena.

"Mia moja na tisini," akasema, "kwa mia moja na kumi na tano."

"Ni nyingi?"

"Nyingi sana, mama."

"Inatakiwa iende ngapi?"

"Mia moja na thelathini hivi. Ikizidi sana, arobaini."

"Basi tukutane mia na sitini."

Nesi aliyesimama mlangoni, binti wa Kinyiramba mwenye mwili, akageuka kukohoa ukutani. Daktari hakucheka.

"Mama, hii si bei. Ni msukumo wa damu. Una presha."

Akanipa vidonge vya aina mbili. Kimoja ni cha asubuhi, cha kukojoa maji yaliyozidi mwilini. Kingine cha jioni, cha kushusha presha yenyewe. Nikamuuliza kama kimoja hakitoshi. Akasema viwili. Nikamuuliza, kwa kuwa nachukua vya mwezi mzima kwa mpigo, hakuna nyongeza? Akamtazama nesi, nesi akatazama dari.

"Chumvi uache," akaendelea. "Samli upunguze. Upate usingizi. Na usigombane na watu."

"Mimi sigombani, daktari. Mimi nauliza bei."

"Basi usiulize kwa sauti hiyo."

Ningeendelea kumpima, lakini akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuanguka. Dada yangu mkubwa alianguka akiwa anapura mtama, mwaka mmoja kabla. Aliamka na nusu ya mwili. Mkono wake wa kulia ulilala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike, na kwa kijiko alilishwa na mkwe wake. Huyo dada ndiye aliyenifundisha kupima kuku.

Nilipomweleza, daktari akaushika mkono wangu, ule ule wa kulia, akaugeuza kama anayetafuta kasoro.

"Ukirudi baada ya mvua na hii namba haijashuka," akasema, "nakulaza hapa hapa. Na safari za kuku zitakuwa zimekwisha."

Nyumbani nilimweleza baba watoto. Yeye alikuwa fundi baiskeli, na kila ugonjwa aliupeleka kwenye baiskeli.

"Presha imezidi? Si wanatoa upepo kidogo tu?"

"Wanatoa kwa vidonge."

"Na chumvi inaingiaje?"

"Sijui inaingiaje. Nimeambiwa niache."

"Haya, tuache. Kwani chumvi ni nini?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua, ila siku ile hakuna aliyelijibu.

Lazima nieleze jambo ambalo kwetu Wanyaturu mtoto mdogo anaelewa. Chumvi ni ile nyeupe ya dukani, inayokuja kwa gunia na kupimwa kwa kikombe. Ilikuja na maduka, ndiyo maana ina jina la Kiswahili. Munyu ni kitu kingine. Munyu ni wetu. Wanawake wanakwangua udongo kando ya ziwa wakati wa kiangazi maji yakirudi nyuma, wanauchuja kwenye chungu chenye matundu, wanachemsha yale maji mpaka unabaki unga wa kijivu. Hauuzwi dukani, hauna gunia, na mama mkwe wangu alikuwa hodari wa kuutengeneza kuliko mwanamke yeyote wa upande wetu. Ukitaka kujua kama anakupenda, tazama kibuyu chako cha munyu kimejaa kiasi gani.

Basi nikaacha chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mateso, sikuyaona. Kikombe cha chumvi kilichokuwa jikoni nikampa jirani, akanipa debe tupu, nikaona nimeanza ugonjwa kwa faida. Mama mkwe aliposikia nimekatazwa chumvi alikuja asubuhi ileile, amebeba vibuyu viwili.

"Masikini mke wa mwanangu," akasema. "Nilijua tu ile ya dukani itakuja kumdhuru mtu. Wewe kula huu. Huu nimechemsha kwa mkono wangu."

Kwa huruma alinipa mara mbili ya kawaida, nami kwa shukrani nikautia mara mbili. Mlenda wangu msimu ule ulisifiwa mpaka na watu wasionipenda.

Vidonge nilikunywa, hilo naapa. Kile cha jioni hakikuwa na maneno. Kile cha asubuhi ndicho kilichoingia kwenye biashara.

Siku moja nilikuwa kwenye ua wa mama mmoja njia ya Nduguti, mwenye majogoo matatu makubwa. Ametaja bei, nami nimefungua mdomo kumjibu, kidonge kikaniita. Si cha kusubiri kile. Nikafunga mdomo, nikageuka, nikaondoka haraka kuelekea vichakani. Nyuma nikasikia:

"Mama! Mama we! Usikasirike, napunguza shilingi!"

Sikuweza kujibu, nilikuwa na shughuli. Niliporudi akawa ameshapunguza na ya pili, peke yake, bila mimi kusema neno. Nikaondoka na majogoo matatu kwa bei ambayo kwa kelele nisingeipata hata kwa siku nzima.

Tangu hapo nikawa nakinywa kidonge saa ya kukaribia kijiji. Na kwa kuwa nilikatazwa kugombana, nikawa sipazi sauti. Nasikiliza bei, namnyanyua kuku, nalegeza uso, naondoka taratibu kuelekea kichakani. Watu wakaanza kuambizana kwamba yule mama wa Mwankoko siku hizi amebadilika, hasemi, lazima amepata mahali pengine pa kununua. Nilimwambia baba watoto kwamba kama ningejua ugonjwa una faida hii, ningeumwa mapema.

"Na ukipona?" akauliza.

Hilo nilikuwa sijalipigia hesabu.

Mvua zikaisha. Nikarudi hospitali, safari hii na baba watoto, kwa sababu alitaka kununua minyororo ya baiskeli Kiomboi. Nilivaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea chake. Daktari akafunga kitambaa, akabinya, akasikiliza. Akafungua. Akafunga upya kwenye mkono mwingine. Nikafurahi kwamba na yeye anahesabu mara mbili.

"Mia mbili," akasema.

Nje kuku wangu walikuwa wanalia kwenye tenga.

"Mama, dawa hunywi."

"Nakunywa! Uliza vichaka vyote vya Iramba."

"Basi chumvi hujaacha."

"Daktari, chumvi sijaigusa tangu siku uliyosema. Haimo ndani mwangu."

Alikuwa tayari anamwambia nesi atafute kitanda. Nikaona mkono wangu pajani, umelala, nikaufumba na kuufumbua kuhakikisha. Baba watoto naye akaona. Akasimama, akavua kofia, kama yuko barazani.

"Daktari, mimi ni shahidi," akasema. "Huyu mwanamke nina ugomvi naye wa mambo mengi, lakini hili anasema kweli. Chumvi hata ya dawa haijaingia nyumbani kwangu. Tunakula munyu tu."

Nesi aliacha kitanda.

"Mnakula nini, baba?"

"Munyu. Mama yangu anatuletea. Mwingi tu."

Yule binti wa Kinyiramba akaweka mkono kiunoni, akatutazama mmoja mmoja, halafu akakaa kwenye kitanda kilichokuwa changu. Alicheka mpaka kofia yake nyeupe ikadondoka. Daktari akabaki na mpira wake mkononi.

"Munyu ni nini?" akauliza.

"Ni chumvi, daktari!" nesi akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Ni chumvi! Umewaambia waache chumvi, wameacha ya dukani, wanakula ya ziwani! Ee Wanyaturu, mtaniua!"

"Si chumvi," baba watoto akamsahihisha kwa heshima. "Ni munyu."

"Baba, na kwetu Wanyiramba tunasema hivyohivyo, lakini tumboni inafika moja." Akajifuta macho. "Na kwenye mlenda mnatia magadi?"

"Mlenda bila magadi utalainika lini?"

"Na magadi yaache, mama. Yote ni ndugu wa baba mmoja."

Mimi nilikuwa sijacheka. Nilikuwa napiga hesabu ya vile vibuyu viwili, na vingine viwili baada ya hapo, na kwamba nilikuwa natia mara mbili. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza akaongea bila Kiswahili cha redioni.

"Mama, kosa ni letu sote. Nakupa mpaka mavuno. Usitie kitu chochote chenye ladha ya chumvi, kiitwe jina gani."

"Kiitwe jina gani," nikarudia, ili lisije likabaki lingine.

Sasa ndipo kuku walipoanza kutoka.

Wa kwanza wanne walikwenda kwa mama mkwe. Alipokuja kwangu nilimrudishia kibuyu chake kikiwa kimejaa, nikapiga magoti, nikamsalimu, nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo munyu wangu ni sumu."

"Hapana mama. Ni mwili wangu ndio haufai."

"Mwili wako ulifaa miaka yote hii. Umeuharibu hospitali."

Nikampa matetea wawili. Akawatazama, akasema ni wembamba. Nikaongeza wawili. Aliwapokea, ila kibuyu alikiacha pale pale mlangoni pangu, na kila alipopita alikitazama kwanza ndipo anijibu salamu. Sikuweza kukitupa na sikuweza kukila. Nikamwambia baba watoto akitumie yeye.

Watano walikwenda kwenye chungu cha kijiji. Siku za shamba la pamoja tulikula pamoja: sufuria moja kubwa la kunde, watu wote wa zamu, na mpishi wetu, mama mmoja mwenye mkono mzito, akitia chumvi kwa kiganja. Kula nyumbani siku hizo kulionekana ni kujitenga. Nikapeleka jambo langu kwenye mkutano.

"Ndugu mwenyekiti, naomba kunde zangu zipakuliwe kabla ya chumvi."

Minong'ono. Mzee mmoja akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, leo anataka chumvi yake mbali, kesho atataka jembe lake mbali. Hapo ndipo ubepari unapoanzia."

"Ndugu," nikamjibu taratibu, maana nimekatazwa kugombana, "mimi sitaki cha ziada. Nataka kilichopungua. Umeona wapi bepari anayeomba apunguziwe?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza. Akauliza kama kuna cheti. Nilikuwa nacho, nesi aliniandikia. Akakisoma kimyakimya, akakigeuza nyuma kuona kama kuna maneno mengine, kisha akaamua: mimi nitapakuliwa kwanza, lakini kwa kuwa nampa mpishi kazi ya ziada, nichangie kuku kwa ajili ya chungu cha wote. Akataja kumi. Mimi nikataja wawili. Mkutano mzima ukasogea kusikiliza. Sikupandisha sauti hata kidogo. Alipofika saba nikainuka, nikaelekea nje taratibu, na hapo sikuwa na kidonge tumboni wala nini.

"Watano!" akaita. "Watano, kaa chini ndugu, tuendelee na ajenda."

Wawili waliobaki walikwenda kwa mpishi mwenyewe, kimya kimya, ili asisahau. Lile debe la karanga nililitwanga mimi. Niligundua kwamba mlenda usio na munyu ukiwa na karanga nyingi na ndimu unaweza kumezwa na mtu mwenye nia. Wiki za mwanzo nilikuwa nakula kama ninayemlipia mtu faini. Baadaye ulimi ukanyamaza, nikaanza kusikia mtama una ladha yake, na kunde ladha yake, vitu ambavyo nilikuwa nimevila miaka arobaini bila kuvisikia. Niliacha samli. Nililala mchana, jambo ambalo majirani walilijadili. Masikio yakaacha kulia.

Mavuno yalipokwisha tulirudi Kiomboi. Usiku wa kuamkia safari nilikwenda kwa dada yangu. Akaomba mkono wangu kwa mkono wake mzima, akanipa kuku wa nyumbani kwake nimpime. Nikamnyanyua, nikamwambia uzito. Akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka, akasema nimekosea. Hakuna aliyejua nani kapatia, mizani haikuwepo.

Daktari akafunga kitambaa. Sikutazama uso wake, nilitazama vidole vyake.

"Mia moja na thelathini na nane," akasema. "Kwa themanini na nane."

"Rudia."

Akarudia. Ileile. Nesi akapiga makofi. Nilijikuta nacheka peke yangu, nikadhani presha imepanda kichwani, kumbe ni furaha, sikuwa nimezoea.

"Kwa hiyo nimepona."

"Hapana, mama. Umeishika. Ukiacha dawa na ukirudia chumvi, inapanda."

"Basi niendelee mpaka lini?"

"Maisha yote."

"Maisha yote? Hata punguzo la mwisho wa mwaka?"

"Maisha yote, mama."

Nilikuwa bado namtafutia jibu, ndipo baba watoto, ambaye alikuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini, akakunja mkono wa shati.

"Hebu nifunge na mimi," akasema. "Nione kama hii mashine inafanya kazi, au mnampendelea."

Daktari akamfunga kwa utani tu. Akabinya. Akasikiliza. Uso wake ukaacha utani. Akafungua, akafunga mkono mwingine, nami nikajua kabla hajasema.

"Mia mbili na tano."

"Imeharibika," baba watoto akasema, anashusha mkono wa shati.

Msimu mzima munyu nilioukataa mimi ulikuwa unaingia kwenye bakuli lake. Kibuyu cha mlangoni kilikuwa kinapungua, mama mkwe anakijaza, naye anakula sehemu yake na sehemu yangu, akinionea huruma kwa mlenda wangu mweupe. Nilimtazama shingo, nilimtazama mkono ule wenye grisi ya minyororo, mkono wa kulia.

"Daktari, mimi siumwi kitu," alikuwa anasema. "Na mimi si mwanamke wa kuachishwa munyu. Nitamwambia nini mama yangu?"

Akatoka nje kwenda kukagua matenga, ambayo nilikuwa nimeshayakagua. Daktari akaandika vidonge kwenye karatasi na kuniachia mimi, kana kwamba mimi ndiye nitakayevimeza. Nikabaki na nesi. Kuku ningeweza kutoa, hata ishirini, lakini yule mwanamume hanunuliki kwa kuku, na nikiondoka taratibu kuelekea kichakani atanisubiri tu mpaka nirudi. Nikamshika nesi mkono, yule binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza.

"Mwanangu, wewe umeolewa," nikamwambia. "Wako anakula unachompikia, au na yeye ana mama? Nishauri. Naanzia kwa nani, kwa huyu au kwa mamaye?"